Kwa Nini Msamaria Alisimama?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 10:25–37, Ayubu 1:9–11, Kutoka 23:4, 5, Marko 5:21–43, Marko 10:46–52, Matendo 6:1–6, Walawi 19:9, 10, Mathayo 25:31–46.

Fungu la kukariri: Luka 10:36, 37.

Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ina urefu wa kilomita 27 hivi, na katika mwendo huo mfupi msafiri hushuka zaidi ya mita 1,000 katikati ya nyika kavu yenye mawe na makorongo. Wasikilizaji wa Yesu waliifahamu njia hiyo na hatari zake. Hapo ndipo alipomweka mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akavuliwa nguo na kuachwa karibu kufa.

Watu watatu walipita, na Luka anasema jambo lilelile juu ya kila mmoja wao: alimwona. Hakuna aliyepita kwa kutojua. Wawili wa kwanza walikuwa kuhani na Mlawi, watu walioisoma torati tangu utoto na kuwafundisha wengine kumpenda jirani. Kama kuyajua mapenzi ya Mungu kungetosha kumfanya mtu asaidie, wawili hao wangesimama. Aliyesimama ni wa tatu, mtu wa taifa ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo.

Kisa hiki kinaibua maswali mawili. La kwanza: kwa nini mtu humsaidia mwenzake hata pale msaada unapomgharimu? La pili, ambalo huumiza zaidi: kwa nini mtu mwema anayejua wajibu wake hupita? Wanafalsafa wamelijadili swali la kwanza kwa karne nyingi, na tangu miaka ya 1960 wanasaikolojia wamekuwa wakilichunguza la pili kwa majaribio. Juma hili maswali yote mawili yatawekwa mbele ya Maandiko. Itaonekana kwamba msaada huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Huanza kabla mhitaji hajaonekana njiani.

JUMAPILI

Swali la Mshitaki

Katika karne ya 17 aliishi Uingereza mwanafalsafa aitwaye Thomas Hobbes, ambaye alifundisha kwamba kila tendo la hiari la mwanadamu hulenga faida ya mtendaji mwenyewe. Rafiki yake John Aubrey, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba siku moja Hobbes alimpa sadaka mzee maskini aliyekuwa akiomba barabarani jijini London. Mchungaji mmoja aliyekuwa karibu akamwuliza kama angetoa endapo Kristo asingekuwa ameamuru. Hobbes akajibu kwamba angetoa, kwa kuwa kuyaona mateso ya mzee yule kulimwumiza. Sadaka ilimpunguzia mzee shida yake, na papo hapo ikampunguzia mtoaji maumivu yake.

Jibu hilo halifai kupuuzwa. Wako watu wanaochangia msiba ili jina lao lisikike orodha inaposomwa. Wako wanaotoa harambee kwa kipaza sauti, na ahadi ikaishia hapohapo. Wako wanaompa ombaomba sarafu ili aondoke dirishani. Yesu aliijua tabia hiyo na kuionya (Mathayo 6:1–4), na Yeremia aliandika kuhusu udanganyifu wa moyo ambao hata mwenyewe hawezi kuufahamu (Yeremia 17:9).

Hata hivyo, wazo la Hobbes lina mtangulizi wa zamani sana.

Soma Ayubu 1:9–11 na 2:4, 5. Shetani anadai nini kuhusu sababu za wema wa Ayubu? Madai hayo yanamgusaje Mungu mwenyewe?

Mshitaki hakatai kwamba Ayubu ni mwema. Anakubali matendo, kisha anashambulia sababu. Kwake Ayubu ni mfanyabiashara: Mungu analipa ulinzi na mali, naye anarudisha ibada. Ondoa malipo, na ibada itakoma. Madai hayo yakiwa kweli, aibu haimwishii Ayubu peke yake. Itakuwa na maana kwamba Mungu hapendwi na mtu yeyote, na kwamba upendo ni jina zuri walilopewa watu wanaotafuta faida. Hapa ndipo swali la kwa nini watu husaidia linapogeuka kuwa sehemu ya pambano kuu kati ya Kristo na Shetani.

Ayubu alipoteza mali, watoto na afya, asiachane na Mungu wake. Katika utetezi wake alikumbuka pia jinsi alivyowatendea maskini, yatima na wajane (Ayubu 29:12–16, 31:16–22), na aliyasema hayo akiwa majivuni, pasipo faida yoyote iliyobaki kuihesabu.

*Fikiria msaada mmoja uliotoa mwaka huu. Kama hakuna mtu angejua, na kama usingejisikia vizuri baadaye, je, bado ungeutoa?*

JUMATATU

Huruma Ilipojaribiwa

Mwaka 1981 mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walichapisha jaribio lililogusa moja kwa moja jibu la aina ya Hobbes. Wanafunzi wa kike 44, mmoja mmoja, walimtazama kwenye televisheni msichana aliyeitwa Elaine, aliyeonekana akipigwa na mshtuko wa umeme na kuteseka. Kwa kweli hakupigwa na umeme wowote, ila watazamaji hawakujua hilo. Baadaye kila mtazamaji aliulizwa kama yuko tayari kuchukua nafasi ya Elaine.

Watafiti walifikiri hivi. Kama mtu husaidia ili kupunguza tu maumivu yake mwenyewe ya kutazama, basi akipewa ruhusa ya kuondoka ataondoka, kwa sababu mlango ni nafuu kuliko umeme. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa kwamba wakishaona mara mbili wanaweza kwenda zao. Wengine waliambiwa watatazama hadi mwisho. Tena, baadhi walioneshwa kwamba Elaine ana mawazo na mapenzi kama yao, jambo lililoamsha huruma. Wengine walioneshwa kwamba hafanani nao.

Miongoni mwa wale ambao huruma yao haikuamshwa na waliruhusiwa kuondoka, 2 tu kati ya 11 walikubali kuchukua nafasi yake. Miongoni mwa waliomwonea huruma na waliruhusiwa kuondoka, walikubali 10 kati ya 11. Mlango ulikuwa wazi, na hawakuutumia. Mjadala kati ya wataalamu haujaisha, lakini tangu hapo imekuwa vigumu kusema kirahisi kwamba kila msaada ni njia ya kujituliza.

Msomaji wa Biblia hatashangaa. Neno la Kiyunani ambalo Luka alitumia kwa huruma ya Msamaria linatokana na neno la viungo vya ndani ya mwili. Ni huruma inayomshika mtu tumboni. Katika Injili yake Luka analitumia mara tatu tu: kwa Yesu alipomwona mjane wa Naini (Luka 7:13), kwa Msamaria (10:33), na kwa baba wa mwana mpotevu (15:20). Huruma ya kweli ipo, na asili yake ni Mungu.

Lakini jaribio hilo lina onyo ndani yake. Huruma iliamka kwa mtu aliyefanana na mtazamaji. Ndivyo ilivyo huruma ya asili: huwaka upesi kwa ndugu, kwa mtu wa kabila moja, kwa mshiriki wa kanisa moja, na huwa nzito kwa mtu wa mbali.

Soma Kutoka 23:4, 5. Punda aliyepotea au kulemewa ni wa nani? Kwa nini sheria haikungoja hadi mwenye kumkuta awe na huruma?

Sheria inamtaja adui, mtu anayemchukia mwenzake. Mungu hakuamuru kwanza hisia. Aliamuru mkono ushike mzigo. Mtu anayemsaidia adui yake kunyanyua punda husimama naye bega kwa bega, na akiwa karibu hivyo, humwona kwa namna ambayo hakuweza kumwona akiwa mbali. Tazama mpangilio wa Luka 10:33: Msamaria alifika hapo alipokuwa, alimwona, akaguswa. Wenzake wawili walipita upande mwingine wa njia. Walijiwekea umbali, na umbali ukaizima huruma kabla haijawaka.

*Ni mtu gani au kundi gani ambalo umezoea kulipita "upande mwingine"? Kusogea karibu nao kungeonekanaje juma hili?*

JUMANNE

"Nimechelewa"

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila anayefundisha mfano wa Msamaria angefaa kulijua. Lilifanyika Marekani, miongoni mwa wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton, watu waliokuwa wakijiandaa kwa kazi ya uchungaji. Kila mmoja aliombwa aandae hotuba fupi, kisha aende kuitoa katika jengo la jirani. Nusu yao walipewa mfano wa Msamaria mwema wauzungumzie. Wengine walipewa mada ya kazi ambazo mhitimu wa seminari anaweza kufanya.

Wakati wa kuondoka, baadhi waliambiwa kwamba wana dakika za kutosha. Wengine waliambiwa waende mara moja. Kundi la tatu waliambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa na wanangojewa. Njiani alikaa mtu kwenye mlango, ameinamisha kichwa na kufumba macho, akikohoa na kuugua. Watafiti walitaka kuona nani atasimama.

Kati ya wasio na haraka, asilimia 63 walisaidia kwa namna fulani. Kati ya wenye haraka kiasi, asilimia 45. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti iliyoweza kuthibitishwa. Wako waliokuwa wakienda kuuhubiri mfano huo huo ambao walimruka yule mtu na kuendelea.

Ni rahisi kuwahukumu, lakini watafiti walibaini jambo lingine. Wengi wa waliopita bila kusimama walifika wakiwa na wasiwasi. Mtu aliyewatuma alikuwa akiwategemea, nao hawakutaka kumwangusha. Haraka yao ilikuwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hali hiyo inajulikana makanisani. Fikiria mzee wa kanisa Sabato asubuhi, amevaa suti, lesoni na Biblia mkononi, zamu ya kuhubiri ni yake. Mbele yake pikipiki imeanguka na kijana ameshika mguu chini ya mti. Mzee anawaza mimbari, anawaza kusanyiko linalongoja, anawaza maswali ya polisi na fomu ya PF3. Si mtu mbaya. Anakwenda kumtumikia Mungu. Anapita.

Mara nyingi husemwa kwamba kuhani wa mfano aliogopa kugusa maiti na kutiwa unajisi (Walawi 21:1) kabla ya zamu yake hekaluni. Lakini Luka 10:31 inasema alikuwa *akishuka* njia ile, yaani akitoka Yerusalemu. Ikiwa alikuwa na zamu, ilikuwa nyuma yake.

Soma Marko 5:21–43. Yesu alikuwa na sababu gani ya kuharakisha? Ni nini kilichotokea aliposimama, na Yairo alijisikiaje?

Binti wa Yairo alikuwa mahututi. Hakuna haraka iliyo halali kuliko hiyo. Hata hivyo Yesu alisimama kwa ajili ya mwanamke ambaye ugonjwa wake ulikuwa umedumu miaka 12, akamsikiliza hadi mwisho. Wakati akisema naye, habari ya kifo ikafika. Marko haifichi gharama ya kusimama. Anaonesha pia kwamba aliyesimama njiani hakumwacha Yairo. Alikwenda mpaka nyumbani.

Msamaria naye alikuwa safarini. Alimhudumia mgonjwa usiku ule, na asubuhi akamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni pamoja na dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili (linganisha Mathayo 20:2), kisha akaendelea na safari huku akiahidi kurudi. Kusimama hakumaanishi kuacha kila wajibu mwingine. Mzee wa kanisa angeweza kupiga simu ili mwenzake ashike mimbari kwa nusu saa. Ibada isingeanguka.

*Haraka haraka haina baraka, wasema wahenga. Ni baraka ya nani inayopotea mtu anapokimbilia kazi ya Mungu?*

JUMATANO

Kila Mmoja Alidhani Mwenzake Atakwenda

Miaka mitano kabla ya jaribio la seminari, mwaka 1968, John Darley na mwenzake Bibb Latané walichapisha jaribio jingine. Mwanafunzi aliketi peke yake chumbani, akizungumza na wengine kwa njia ya kipaza sauti pasipo kuonana. Mmoja wa wazungumzaji alikuwa ametaja kwamba hupatwa na kifafa. Ghafla sauti yake ikaanza kukatika, akiomba msaada. Sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa, lakini msikilizaji aliamini ni mtu aliye hatarini.

Msikilizaji aliyedhani yuko peke yake na mgonjwa alitoka mapema kutafuta msaada: asilimia 85 walifanya hivyo kabla sauti haijanyamaza. Aliyedhani wapo wengine wanne wanaosikia alisita: ni asilimia 31 tu waliotoka kabla ya hapo. Na wale waliobaki vitini hawakuwa na mioyo migumu. Mtafiti alipoingia aliwakuta wengine mikono inatetemeka, wakiuliza kama yule mtu yuko salama. Walikuwa hawajaamua kutosaidia. Walikuwa hawajaamua lolote.

Ndivyo inavyoweza kuwa katika kanisa kubwa. Mama mjane anakosekana Sabato ya kwanza. Sabato ya pili jirani yake wa benchi anauliza habari zake mlangoni, na kila anayeulizwa anasema kwamba bila shaka Dorkasi wamekwenda. Akina mama wa Dorkasi wanadhani mashemasi wamekwenda. Mashemasi wanadhani mchungaji amekwenda, naye mchungaji ana makanisa mengi na hakuna aliyemwambia. Sabato ya nne mama anakutwa na homa ya siku nyingi. Kanisa zima lilimpenda, na hakuna aliyebisha mlangoni kwake.

Soma Marko 10:46–52. Umati ulimfanyia nini Bartimayo kabla Yesu hajasimama? Ulimfanyia nini baadaye? Kitu gani kilibadilika?

Kisa hiki kilitokea Yeriko, mwisho wa ile njia ya mfano wa Msamaria, Yesu alipokuwa akielekea Yerusalemu kufa. Umati ulimkemea kipofu anyamaze. Yesu alisimama, kisha akawapa kazi walewale waliokuwa wakimzuia: wao ndio wamwite. Mara ile sauti zao zikageuka kuwa za kumtia moyo. Umati uliokuwa ukuta ukawa daraja, kwa sababu sasa ulikuwa na agizo la wazi.

Kanisa la kwanza lilifanya vivyo hivyo. Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1). Mitume hawakuhubiri tu juu ya upendo. Kusanyiko lilichagua watu saba, na Luka ametunza jina la kila mmoja. Penye jina, hakuna wa kusema "nilidhani wewe umekwenda."

*Katika darasa lako la Shule ya Sabato, nani amekosekana Sabato mbili mfululizo? Nani, kwa jina, atakwenda kwake, na siku gani?*

ALHAMISI

Pembe za Shamba

Kama haraka na umati vinaweza kumzuia hata mtu mwema, je, lawama ni ya nani? Wapo wanaohitimisha kwamba mtu hana hatia, kwa kuwa alibanwa na mazingira. Maandiko yanafuata njia nyingine. Yanauliza mazingira hayo yalitengenezwaje, na lini.

Soma Walawi 19:9, 10. Mkulima aliagizwa kufanya nini wakati wa mavuno? Je, maskini alikuwa amekwisha kufika shambani?

Mkulima Mwisraeli hakuagizwa kungoja maskini abishe hodi ndipo apime huruma yake. Aliagizwa asivune pembe za shamba hadi mwisho. Pembe ziliachwa kwanza, na mwenye uhitaji alikuja baadaye. Ruthu Mmoabi, mgeni katika nchi, alipofika Bethlehemu alikuta agizo limekwisha kumwandalia mahali pa kuokota masazo (Ruthu 2).

Anayevuna shamba lake lote hana kitu cha kumwachia mpita njia, hata akiwa na moyo mwema. Ndivyo ilivyo kwa muda. Mtu aliyepanga siku yake hadi dakika ya mwisho amekwisha kuamua, pengine asubuhi akinywa chai, kwamba hatasimama kwa ajili ya mtu yeyote. Uamuzi ulifanyika kabla hajamwona majeruhi. Hatia yake, kama ipo, ilianzia hapo, na ni hapo panapoweza kutengenezwa.

Sabato ni pembe ambayo Mungu mwenyewe aliitenga katika juma. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14, 15 imetolewa ili mtumwa na mgeni nao wapumzike. Isaya 58 inazungumzia kufungua vifungo, kumgawia mwenye njaa chakula na kumwingiza maskini nyumbani, kisha inamalizia na Sabato. Mambo hayo hayakuwekwa pamoja kwa bahati. Kanisa linaloijaza Sabato kwa ratiba, kikao baada ya kikao na mazoezi ya kwaya hadi jua linatua, linaweza kuitunza siku na kuvuna pembe zake.

Historia ya Waadventista inatoa mfano mmoja. John Weidner alizaliwa mwaka 1912 huko Brussels, mtoto wa mchungaji Mwadventista wa Uholanzi. Alisoma katika shule ya kanisa huko Collonges, Ufaransa, chini ya mlima Salève, karibu na mpaka wa Uswisi. Ujana wake aliupanda mlima huo na kuzijua njia zake. Baadaye akawa mfanyabiashara wa nguo. Vita vilipokuja na Wayahudi wakaanza kukamatwa, njia zile za ujana zikawa njia za kuwavusha. Mtandao alioujenga, Dutch-Paris, uliwasaidia watu wapatao 1,000, wakiwemo Wayahudi 800 hivi na marubani na askari wa anga zaidi ya 100. Alikamatwa na kuteswa, akatoroka. Dada yake Gabrielle alikamatwa Paris mwaka 1944 na kufa mapema mwaka 1945. Baadaye Yad Vashem, Yerusalemu, ilimtambua Weidner kuwa mmoja wa Wenye Haki Kati ya Mataifa.

Mwenye kutafuta faida katika kisa hicho ataikosa. Na mwenye kutafuta siku ambayo Weidner aliamua kuwa shujaa huenda asiione pia. Alipohitajika, njia zilikuwa zimekwisha kukanyagwa.

Soma Mathayo 25:37–39. Kwa nini wenye haki wanashangaa?

Hawakuwa wakihesabu. Wale wa mkono wa kushoto nao walishangaa, maana hata wao hawakumwona Mfalme katika wadogo wale. Tofauti ni kwamba wa kwanza walikuwa wamezoea kulisha, kukaribisha na kutembelea, hata hawakumbuki kwamba walifanya jambo kubwa. Hapo swali la Mshitaki linapata jibu lake. Wema wao haukuwa biashara, kwa kuwa hata hesabu haikuwepo.

*Pembe gani ya muda, ya chakula, au ya fedha unaweza kuiacha bila kuvunwa kuanzia juma hili, kabla hujajua itamfaa nani?*

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Ni swali la mtu anayetaka kujua mpaka wa wajibu wake uko wapi. Yesu aliligeuza akauliza ni nani *aliyekuwa* jirani kwa mtu yule. Ujirani haupimwi kwa kuchunguza kama aliyelala njiani anastahili, wala kwa kungoja hadi sababu za moyo zitakate kabisa. Anayengoja moyo uwe safi ndipo asaidie atamwacha majeruhi afe. Na anayesaidia pasipo upendo ameonywa kwamba hata akitoa mali zake zote haimfaidii kitu (1 Wakorintho 13:3). Mambo hayo mawili hukutana pale mtu anaposogea karibu. Mkono unatangulia, moyo unafuata, na Roho Mtakatifu anautakasa wote wawili njiani.

Tena, hakuna Mkristo anayesaidia kama mtu ambaye hajawahi kulala njiani. Kristo aliwafia watu wakiwa bado adui zake (Warumi 5:8–10). Aliacha utukufu wake akaja mahali walipokuwa (Wafilipi 2:5–8). Hakupita upande mwingine. Anayelikumbuka hilo haoni ajabu kusimama.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, someni tena Ayubu 1:9–11. Je, mtu anayesaidia akitazamia thawabu ya mbinguni anathibitisha madai ya Shetani? Linganisheni na Waebrania 11:26 na Waebrania 12:2.

2. Wanafunzi wa seminari waliokwenda kuhubiri mfano wa Msamaria walimpita mgonjwa. Hilo linasema nini kuhusu kujifunza Biblia bila kubadili ratiba ya maisha? Je, linapunguza thamani ya kujifunza?

3. Wengi huogopa kumsaidia majeruhi barabarani kwa sababu ya maswali ya polisi, gharama za hospitali, au kudhaniwa kuwa wao ndio waliosababisha ajali. Hofu hizo ni za kweli. Kanisa lenu linaweza kuwaandaaje washiriki, kwa mfano kwa mafunzo ya huduma ya kwanza au kwa mfuko mdogo wa dharura, ili mtu asisimame peke yake?

4. Huruma huamka upesi kwa mtu anayefanana nasi. Ni mipaka gani ya kabila, lugha, chama au dini inayoamua nani anasaidiwa mahali mnapoishi? Kutoka 23:4, 5 inasema nini juu ya mipaka hiyo?

5. Pitieni ratiba ya Sabato ya kanisa lenu tangu asubuhi hadi jua kutua. Pembe iko wapi? Kama haipo, ni kitu gani kimoja kinachoweza kuondolewa ili mgonjwa, mfungwa au mgeni apate nafasi? Kabla ya kufunga kwa sala, andikeni jina la mtu mmoja atakayetembelewa, na jina la atakayekwenda.